Majina ni Bure

Kwenye banda la video la Ndelilio, kule Pasua,
ukutani kwa mashine ya kusaga,
sheria ilikuwa moja, kaiandika kwa chaki mlangoni:
MAJINA BURE. HADITHI SHILINGI HAMSINI.

Basi sisi tusio na hamsini
tuliingia pamoja na wenye nazo,
tukakaa mbele kabisa, juu ya magunia,
magoti yakigusa kidevu,
tukatazama majina.

Sikuwahi kumwona muuaji hata mmoja.
Niliona glavu.
Niliona ufunguo ukigeuka kitasani, polepole,
mkubwa kama mlango wenyewe,
na sikujua ni mlango wa nani.
Niliona bomba likidondosha tone, kisha jina.
Tone, kisha jina.
Mara tone likachelewa,
na watu thelathini wakaacha kutafuna karanga.

Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Kwamba sauti itangulie, picha ije nyuma yake kama mdai:
usikie kwanza viatu kwenye sakafu ya mbao,
skrini ikiwa bado nyeusi tii.
Kwamba noti moja ya chini, ikishikiliwa bila kupumua,
humtisha mtu kuliko ngoma kumi.
Kwamba uso usionyeshwe. Onyesha kisogo.
Onyesha kiti kinachoyumba,
aliyekikalia kaondoka sasa hivi.
Kwamba herufi zikija moja moja
jicho huzisubiri,
na anayesubiri amekwisha kushikwa.

Mimi nilishikwa mara mbili.
Maana orodha niliijua: waigizaji, mpiga picha,
mwenye muziki, mwenye pesa,
na wa mwisho siku zote, mwongozaji.
Jina lake likififia
mkono wa Ndelilio ulitoka gizani nyuma yangu,
mzito, unanuka petroli ya jenereta,
ukatua begani.
"Haya, Ndeshi. Nje."
Hakuwahi kusema kwa ukali. Ndiyo maana niliogopa.

Nje, jua la saa nane,
pumba zinapepea, kuku wanagombana,
na ule mlango nimeuacha ndani, nusu wazi.
Nyumbani nilimsimulia dada yangu Aikunda filamu nzima,
nimeitunga kutoka kwenye glavu na tone.
Mara muuaji ni mwalimu wa hesabu.
Mara ni yule mama aliyelia kuliko wote msibani.
Aliziamini zote.

Siku hizi nina chumba ghorofa ya pili, nyuma ya stendi,
kompyuta mbili, feni moja inayolalamika,
nakata filamu za watu.
Kisaka, mwenye hii ya sasa, amesimama nyuma ya kiti:
"Mbona muuaji simwoni hapa mwanzoni?
Yule kijana nimemlipa. Mpe hata sekunde mbili."
Nikamuuliza: leo asubuhi umeuona mlima?
"Wapi! Mawingu matupu."
Na ulipotoka mlangoni, ulitazama upande gani?
Akasogeza kofia. Hakunijibu.
Akaenda kununua maandazi.

Alipotoka nikafunga pazia, nikairudisha tangu mwanzo.
Glavu. Ufunguo. Tone.
Kabla ya jina lake nimeacha giza,
sekunde nane, muziki hamna,
jenereta tu, kwa mbali, kama ya jirani.
Atasema ni refu mno,
watu watadhani umeme umekatika.
Wadhani tu.

Mimi hesabu ikifika sita
shingo inakakamaa yenyewe,
na bega la kushoto linashuka kidogo,
linatenga mahali.